SUV ndogo ya mtumba: hesabu ya mnunuzi wa Nchelenge kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

NCHELENGE, Zambia. Asubuhi na mapema soko la Kashikishi huwa limekwishachangamka. Boti zimerudi kutoka Ziwa Mweru, na dagaa wadogo ambao huku huitwa chisense wametandazwa juani wakauke. Lugha inayotawala ni Kibemba, lakini ukisogea wanaposhukia wafanyabiashara kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, utasikia Kiswahili cha Katanga kikitumika kupatana bei bila shida yoyote.

Majini biashara inakwenda. Kinachokwamisha ni nchi kavu. Kutoka hapa hadi Mansa, makao makuu ya Mkoa wa Luapula, ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Mwansabombwe na Mwense. Kwenda Lusaka ni safari ya takriban kilomita 1,000. Barabara kuu ina lami, lakini ukiiacha kuelekea vijiji vya wavuvi unakutana na mchanga, makorongo na, kuanzia Novemba hadi Aprili, matope.

Ndiyo maana gari ambalo watu wengi wa kipato cha kati hapa wanalitamani ni SUV ndogo: Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Honda CR-V, Suzuki Escudo au Toyota Rush. Liko juu kiasi cha kupita korongo, linabeba familia na magunia mawili matatu, na halinywi mafuta kama Land Cruiser. Jipya halinunuliki kwa mfuko wa mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa samaki. Kwa hiyo linanunuliwa la mtumba, na hapo ndipo akiba ya miaka mitatu au minne inapoweza kuzaa matunda au kupotea kwa siku moja.

Makala haya yanaifuata hesabu hiyo hatua kwa hatua. Msomaji wa Kigoma, Mbeya au Lubumbashi ataona kwamba sehemu kubwa inamhusu pia.

Safari ya gari hadi ziwani

SUV ndogo nyingi zinazoonekana kaskazini mwa Zambia zilitoka Japani, ambako magari hupita kushoto kama Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda. Japani hulitaka gari jipya la binafsi likaguliwe rasmi baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenye nalo anavyoona ni afadhali aliuze mnadani. Kutoka mnadani hupanda meli.

Kwa mnunuzi wa Luapula, bandari ya karibu na maana ni Dar es Salaam. Gari likishushwa hupitishwa Tanzania kama mzigo wa kwenda nchi nyingine; Watanzania huyaita magari hayo "magari ya IT". Husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, huvuka kuingia Nakonde, kisha hupita Kasama, Luwingu na Mansa kabla ya kushuka bonde la Luapula hadi ziwani. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo taratibu za nchi mbili humalizwa sehemu moja.

Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, bei unayoonyeshwa na muuzaji wa Japani inaweza kuwa ya FOB, yaani gari likiwa bandarini kwao, au ya CIF, yaani pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar es Salaam. Hakuna kati ya hizo inayofika Nchelenge. Baada ya CIF bado kuna gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, dereva na mafuta ya kuvuka Tanzania, ushuru wa Zambia, usajili, na safari ya mwisho kutoka Nakonde.

Pili, gari la IT likiendeshwa kwa kasi usiku kucha huanza maisha yake mapya likiwa limechoka. Anayeweza, alipie libebwe juu ya lori la magari. Asiyeweza, apige picha ya kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi gari likitoka bandarini, na ahakikishe vifaa vyake, yaani tairi la akiba, jeki, redio na betri, vimeorodheshwa kwenye karatasi yenye saini.

Soko huria halimhusu Toyota wa Japani

Swali ambalo mwandishi wa masuala ya kanda huulizwa mara kwa mara ni hili: kama Tanzania na Zambia zote zimo SADC, na eneo la biashara huria la SADC lilizinduliwa mwaka 2008, kwa nini gari lililopita Dar es Salaam litozwe ushuru Nakonde?

Jibu liko katika kanuni za asili ya bidhaa. Msamaha wa ushuru hutolewa kwa bidhaa iliyozalishwa ndani ya kanda. Mahindi ya Mbeya au saruji iliyotengenezwa Zambia inaweza kunufaika. RAV4 iliyoundwa Japani haibadiliki kuwa bidhaa ya SADC kwa sababu tu imekanyaga lami ya Morogoro. Ndivyo ilivyo pia katika COMESA, na katika eneo huria la utatu la COMESA, EAC na SADC ambalo mkataba wake ulianza kutumika Julai 2024. Mwenye kukuambia kwamba anajua njia ya "kupitisha kwa SADC" anakuuzia kesi ya forodha.

Kila nchi pia ina msimamo wake kuhusu umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Uganda ilipiga marufuku yaliyofikisha miaka 15 kuanzia mwaka 2018. Tanzania haikatazi, bali huongeza ushuru wa bidhaa kwa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Zambia nayo haina ukomo wa namna ya Kenya. Mamlaka yake ya mapato, ZRA, hutumia viwango maalumu vya kwacha kulingana na aina ya bodi, ukubwa wa injini na umri, na gari lililozidi miaka mitano huwa na kiwango cha chini kuliko la miaka miwili hadi mitano, ingawa huongezewa tozo ya uchakavu. Zaidi ya hapo kuna tozo ya hewa ukaa inayofuata ukubwa wa injini.

Maana yake kwa mnunuzi wa Nchelenge ni kwamba mpangilio huo unamsogeza kwenye gari kuukuu. Si jambo baya lenyewe, lakini fedha aliyookoa forodhani asihesabu kuwa faida. Ni fedha ya gereji iliyochelewa tu kudaiwa.

Lipi kati ya haya?

Hakuna gari moja linalomfaa kila mtu. Kuna matumizi, na kuna udhaifu unaojulikana ambao unapaswa kuuliziwa kwa jina.

Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotoka 2000 hadi 2005, ndiyo pengine rahisi zaidi kupatia spea. Angalia namba ya chasisi. Inayoanza na ZCA26 ina injini ya 1,800 na inavuta kwa tairi za mbele tu. ACA21 ni ya 2,000, inavuta kwa tairi zote nne, na injini yake ni ya D-4 ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo haipendi mafuta machafu, na petroli ya madumu ya vijijini ni adui yake. Katika kizazi kilichofuata, zile za injini ya 2AZ ya 2,400 zina sifa ya kula oili. Mnunuzi apime oili kabla ya kuwasha, na aangalie kama bomba la moshi linatoa moshi wa buluu.

Nissan X-Trail ya kwanza, yaani T30 na NT30, ina nafasi kubwa ya mizigo. Ya pili, T31 na NT31, nyingi zina giaboksi ya CVT inayotaka mafuta yake maalumu. Akiwekewa ya kawaida na fundi asiyejua, giaboksi huharibika na matengenezo yake yanaweza kukaribia robo ya bei ya gari. Ukiijaribu, iendeshe mpaka ipate moto, ipandishe mlima, na usikilize kama inavuma au kusitasita.

Honda CR-V ni laini na haina makuu, lakini mfumo wake wa tairi nne hujishika tairi za mbele zinapoteleza. Haukuundwa kwa kushinda kwenye matope. Subaru Forester za zamani zenye injini ya EJ zina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Suzuki Escudo na Toyota Rush zina tabia ya gari la shamba. Escudo nyingi zina gia ya nguvu ya chini. Rush yenye chasisi J210E inavuta kwa tairi nne, wakati J200E ni ya tairi za nyuma pekee. Injini ya Rush ni ya 1,500, hivyo ni nafuu kwa mafuta, lakini ndani ni finyu na safari ya Lusaka itakuchosha.

Na je, unahitaji tairi nne? Kwa anayeishi mjini na kwenda Mansa kwa lami, jibu ni hapana. Gari la tairi mbili lenye kimo cha sentimita 20 hivi kutoka ardhini, shokapu nzuri na tairi mpya litampita mwenzake wa tairi nne mwenye tairi zilizokwisha. Kwa anayeingia kuchukua chisense vijijini wakati wa mvua, jibu ni ndiyo, na akubali kulipia difu, propela na mafuta ya ziada.

Jambo la mwisho hapa ni uzito. SUV ndogo kwa kawaida imepangiwa kubeba kati ya kilo 400 na 500, watu wakiwemo. Watu wazima wanne wanamaliza zaidi ya nusu. Anayepanga kuijaza magunia kila wiki anataka pikapu, na ni heri akubali hilo leo kuliko springi zimwambie.

Nilivyosomewa kilomita

Niseme na langu. Miaka michache iliyopita nilinunua SUV ndogo jijini Dar es Salaam kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kwangu na rafiki. Dashibodi ilisoma kilomita 78,000. Bodi inang'aa, viti safi, injini imeoshwa ikawa kama sufuria jipya. Nililipa siku ile ile kwa sababu niliambiwa kuna mwingine anakuja jioni.

Wiki ya tatu fundi alifungua mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko kidogo cha gereji ya Japani cha kubadilisha oili. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu: 164,000. Kibandiko kilikuwa pale siku zote. Mimi ndiye sikuinama kukitazama.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na naupendekeza kwa kila mnunuzi, awe Nakonde, Lusaka au Kashikishi.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hujafika ana sababu. Sikiliza mlio wa kwanza. Fungua kifuniko cha rejeta wakati bado ni baridi: maji yenye mafuta yanaashiria gasketi imekwisha.

Tafuta vibandiko vya oili kwenye nguzo ya mlango na chini ya boneti. Linganisha kilomita na usukani, pedali na kiti cha dereva. Pedali iliyolika na kilomita 70,000 havipatani.

Omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Karatasi ya mnada hutoa alama. Herufi R ina maana gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokula. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, linaweza kung'aa juu na kuoza chini. Lala chini ulitazame.

Soma tarehe za tairi. Tarakimu nne za mwisho ubavuni, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini umri mkubwa inaweza kupasuka kwenye lami ya moto ikiwa na familia yako ndani.

Uliza kuhusu airbag. Magari ya kampuni nyingi za Japani ya miaka ya 2000 yalifungwa airbag za Takata, ambazo zimeitwa kurejeshwa duniani kote kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, na zikifyatuka zinaweza kurusha vipande vya chuma. Nchelenge ina joto na unyevu vyote viwili. Namba ya chasisi inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, au kwa wakala wake.

Mwisho, mlipe fundi wako, si wa muuzaji. Hata kama ni wa kutoka Mansa na unamlipia nauli, malazi na chakula, bado ni nafuu kuliko injini.

Karatasi kabla ya fedha

Zambia huiita kadi ya gari "white book". Linganisha namba ya chasisi na ya injini kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma, si kwenye kibandiko. Kadi hiyo pia hutaja mmiliki halisi wa kisheria. Kama ni benki au taasisi ya mikopo, muuzaji hana haki ya kukuuzia mpaka deni liishe. Uhamisho wa umiliki hufanyika RTSA, wakala wa usafiri na usalama barabarani, na muuzaji anayekwepa kwenda huko nawe anakwambia kitu. Gari lililoingizwa nchini huhitaji pia hati ya polisi ya Interpol kuthibitisha kwamba halikuibwa.

Pwani ya Mweru ina kishawishi chake cha ziada: gari lenye namba za nchi nyingine linalouzwa kwa bei ya chini ajabu. Gari lililoingia kwa kibali cha muda haliwezi kuuzwa Zambia bila kulipiwa ushuru. Likikamatwa, anayepoteza ni aliyelikuta mikononi. Kwa wanaotaka kuvuka kwenda Kongo, wakumbuke kwamba kule magari hupita kulia, na bima ya Yellow Card ya COMESA, ambayo Tanzania pia hushiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, ni ya lazima kufikiriwa kabla ya kufika mpakani.

Bajeti inayojua msimu wa ziwa

Katika kila kwacha 100 uliyonayo, pendekezo langu ni hili: 70 zinunue gari na kulipa ushuru na usajili, 15 ziende kwenye matengenezo ya mwanzo, na 15 zisiguswe. Matengenezo ya mwanzo si anasa. Ni oili zote, chujio, plagi, mkanda, brekipedi, bushi, na mara nyingi tairi. Kama baada ya hesabu hiyo RAV4 unayoitaka haifikiki, basi hiyo siyo RAV4 yako. Tafuta yenye injini ndogo au usubiri.

Zile 15 za mwisho zina sababu ya hapa hapa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu fedha ya Kashikishi hupungua, si kwa mvuvi tu bali kwa mwenye duka, mama lishe na mwenye nyumba ya wageni. Miezi hiyo hiyo ndiyo mvua hukata barabara za vijijini na kuvunja shokapu. Mtu aliyemaliza akiba yote Novemba kununua gari huingia Desemba na gari lisilo na mafuta. Bei ya mafuta yenyewe Zambia hupitiwa kila mwezi, hivyo hata bajeti ya petroli inahitaji nafasi ya kupumua.

Kwa hesabu hiyo, wakati mzuri wa kununua kwa mtu wa ziwani ni katikati ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Samaki wapo, barabara ni kavu, fundi anaweza kulala chini ya gari bila kuzama kwenye tope, na kuna miezi kadhaa ya kuyagundua maradhi yake kabla ya mvua. Ubaya ni kwamba kiangazi hakionyeshi kama milango inavuja au kama tairi nne zinafanya kazi kweli. Hilo litafutie mchanga: karibu na ufuko haukosekani.

Wazee husema rahisi ni ghali. Lakini mnunuzi wa Nchelenge hatafuti cha rahisi kwa ubahili. Anatafuta kwa sababu kuna mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Misheni ya St Paul's usiku, kuna mzigo wa kuwahi soko la Mansa, na kuna watoto wa kurudisha shule. Gari la mtumba linaweza kuyafanya hayo kwa miaka mingi. Linachotaka ni mnunuzi atakayeinama kusoma kibandiko kabla ya kufungua pochi, na atakayeondoka mikono mitupu siku ambayo hesabu haikukaa sawa.